Zuleha na boneti iliyobanduliwa mara mbili

Saa nne asubuhi. Mlango wa mbele umefungwa, dirishani pametundikwa kanga mbichi ili vumbi la Barabara ya Kumi na Mbili lisipenye, na feni imezimwa kwa sababu hiyo hiyo. Chumba hiki cha Ngamiani, Tanga, kina joto la kuivisha ndizi. Zuleha Uweso, mwenye miaka hamsini na minne, ameinamia boneti ya gari ambalo lote, kutoka bampa hadi bampa, halifiki sentimita arobaini. Mkono wa kulia ana kibano, wa kushoto brashi laini. Kando yake pana bakuli la maji ya vuguvugu, kikombe cha siki iliyozimuliwa, sindano na wembe mpya.

Nyuma yake yupo mteja, na mteja huyo hanyamazi.

"Mama Nasra, hapo kulia hapajapanda kidogo?"

"Castory baba, nimekwambia ukae."

"Nimekaa, mama."

"Kivuli chako kimesimama."

Castory anarudi kwenye kiti. Ni fundi wa magari wa Muheza, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, mwenye gereji na watoto wanne, lakini mbele ya kigari hiki hana utulivu hata wa dakika tano.

Kazi ya Zuleha ni kubandika stika kwenye magari madogo ya mfano, yale ambayo watu huyaweka kabatini na kuyafuta vumbi kila Jumapili. Hasa hasa anabandika stika za kaboni, zinazoiga kile kitambaa cheusi kigumu kinachotengenezewa boneti nyepesi za magari ya mashindano. Ukikitazama kwa karibu utaona nyuzi zimesukwa, moja juu, moja chini, zikikimbia mshazari. Stika inatakiwa ionyeshe msuko huo huo, ila mdogo kadiri gari lilivyopunguzwa.

"Hapo ndipo tunapogombana na wateja," anasema Zuleha. "Gari limepunguzwa mara kumi na mbili. Basi na nyuzi zipungue mara kumi na mbili! Wao wanataka gari dogo, nyuzi kubwa. Ni sawa na kumshonea mtoto mchanga shati halafu umtie vifungo vya koti la baba yake."

Mikono yake ilizoea vitu vidogo zamani. Alizaliwa Pangani, akalelewa katika kusuka ukili, ile mikanda ya miyaa inayoshonwa ikawa mkeka. Alipoolewa Tanga akawa mpakaji hina wa maharusi. Miaka sita iliyopita Noa, jirani yake anayechonga magari ya mfano kwa mbao na bati, alimletea gari moja amchoree mstari mlangoni. Noa mwenyewe alishaharibu milango mitatu.

"Noa ni fundi hodari, lakini vidole vyake ni mkono wa tembo," anacheka Zuleha, mara ya kwanza asubuhi hii. "Nikachora ule mstari. Kesho yake akaleta stika. Ndiyo nikakwama hapa mpaka leo."

Kwa gari moja hupata shilingi elfu thelathini na tano, na mwezi ukiwa mzuri hubandika manne. Hina ina misimu yake, na mwezi wa Ramadhani hakuna harusi. Stika ndizo zinazompa uhakika, au zingempa, kama watu wangemwacha afanye kazi.

Karatasi za stika, ambazo hulowekwa majini mpaka stika iachie, kila moja sawa na nusu ya daftari la shule, humjia kutoka Mombasa kwa mkono wa Badru, mchuuzi anayevuka mpaka wa Horohoro mara moja kwa mwezi. Badru naye ana yake.

"Nimempa kipande cha mfano akiweke mfukoni. Nimemwambia, Badru, msuko mwembamba kama huu. Akaniletea wa kubandika kwenye baiskeli! Namuuliza, na kile kipande? Ananijibu, 'Dada Zuleha, suruali ilifuliwa.'"

Ndiyo maana leo imebaki karatasi moja tu ya msuko mwembamba, na ndiyo anayoibandika sasa. Ikichanika, Castory ataondoka na gari lake, na pamoja nalo wataondoka wenzake saba, mafundi wa zamani wa magari ya mashindano, ambao kila mmoja anataka kubandikiwa mfano wa gari alilowahi kulihudumia. Wanasubiri kuliona hili kwanza. Wamekubaliana kukutana Jumamosi. Magari saba kwa Zuleha ni kazi ya miezi miwili bila kumngoja bibi harusi.

Boneti hii imeshabanduliwa mara mbili. Mara ya kwanza Zuleha alitumia msuko mwembamba, na Castory akaliinua gari, akaguna.

"Mama, hii ni kaboni au masizi ya jiko? Mbona haionekani?"

Zuleha alimweleza mpaka koo likamkauka. Castory akang'ang'ania msuko mkubwa. Akabandikiwa mkubwa, akaenda nao Muheza kifua mbele. Siku ya tatu akarudi, gari kalifunga kwenye taulo kama mgonjwa. Wenzake walikuwa wamelizunguka, mmoja akamuuliza: "Castory, hili gari umelivisha jamvi?"

"Wakacheka mpaka wakakaa chini," anakiri Castory kutoka kitini. "Mimi mwenyewe nikaona kweli ni jamvi."

"Nilikwambia au sikukwambia?"

"Uliniambia, mama. Lakini na ile ya kwanza ilikuwa na kasoro."

Zuleha anavuta pumzi, anaweka kibano chini. Hili ndilo linalomuudhi kuliko yote, maana ni kweli.

Boneti ya gari halisi, lile la mashindano alilolihudumia Castory, iliungwa katikati kwa vipande viwili, na nyuzi za kila upande zilielekea kwenye mstari wa kati, zikakutana kama miiba kwenye uti wa samaki. Zuleha aliviunga vipande vyake jinsi mama yake alivyomfundisha kushona mkeka, ukili ukifuata ukili, vyote vikilala upande mmoja. Mkono ulikwenda wenyewe. Macho yake hayakuona kosa, kwa sababu mkeka ulioshonwa hivyo hauna kosa.

"Miaka arobaini mkono wangu unajua hivyo," anasema. "Angeniambia, 'Mama, umelaza nyuzi vibaya,' ningebadilisha siku ile ile. Yeye akasema haionekani. Nitajuaje?"

"Sikujua kueleza. Niliona tu haifanani."

"Basi hukujua! Ukaniharibia karatasi mbili."

Kipande cha kulia kimeshakaa. Sasa ni zamu ya cha kushoto. Anakihesabia thelathini majini, anakitoa, anakigusa kwa ncha ya kidole kuona kama kimeanza kuteleza juu ya karatasi yake. Anakiburuta polepole kwa brashi hadi kwenye mstari wa kati. Kinapita. Anakirudisha unywele mmoja. Kinapita tena. Mara ya tatu kinatulia mstarini.

Castory amesimama bila kujijua. Safari hii haambiwi akae.

Ugumu uko kwenye kinundu cha kuingizia hewa, ambapo stika hukunjamana. Zuleha anapaka siki, anangoja ilainike, kisha anakandamiza kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto, akianzia katikati kwenda pembeni. Lengelenge moja la hewa linabaki. Analichoma kwa sindano, analikanda. Linalala.

Anainuka, mgongo ukilia. Anaitoa ile kanga dirishani.

Castory analichukua gari kwa mikono miwili. Kwa mbali boneti ni nyeusi tupu. Analiinamisha kwenye mwanga na nyuzi zinajitokeza, nyembamba, kutoka pande mbili zikikutana katikati. Analinyoosha, zinapotea. Analiinamisha tena.

"Ndiyo hivi," anasema kwa sauti ndogo. "Lile lenyewe nalo ulikuwa huoni kitu mpaka jua lilipige."

Analigeuza gari ubavu, anachungulia milangoni.

"Sasa mama, na vioo vya pembeni tusiviwekee na vyenyewe—"

"Castory!"

Zuleha anasema ameshaamua atakavyofanya kuanzia sasa. Atabandika misuko mitatu juu ya vifuniko vitatu vya makopo, avitundike ukutani. Mteja atasimama mlangoni, achague kutoka pale, na alete picha ya gari halisi inayoonyesha nyuzi zinalala wapi. Karatasi ikishaingia majini, maneno yamekwisha.

Castory anafunga gari kwenye taulo. Anaahidi kwamba baada ya Jumamosi atayaleta yale saba yeye mwenyewe, moja moja, ili asimamie.

"Magari saba nayataka sana, baba," anamjibu Zuleha akimfungulia mlango. "Yapakie kwenye basi. Wewe ubaki Muheza."