Sinema ya Yesu Ghalani

Harufu ya magunia ya kahawa hunirudisha kwenye ghala la shamba moja kule Ruiru, mchana walipoziba madirisha ili watuonyeshe sinema ya Yesu. Nilikuwa mdogo, nimepakatwa na mama. Kwenye shuka jeupe, askari walimfunga Yesu mikono, wakamburuta kama baba alivyoburutwa na askari wa mkoloni kutoka nyumbani kwetu.

"Mama, wanampeleka kule kwa baba?" nikauliza kwa sauti.

"Nyamaza!" Mama aliniziba mdomo kwa mkono. Mlangoni alisimama askari wa kweli, mwenye bunduki. Akageuka, akatutazama.

Yesu alipoanza kupigiliwa misumari, askari yule alivua kofia, akapiga magoti, akalia. Mama alimwona, lakini mkono hakuuondoa mdomoni mwangu.