Sidii ya Mashine Iliyokufa

Juzi nilikuwa kwa fundi kompyuta, Ruangwa mjini, aliposhuka kwenye bodaboda mwalimu anayekaribia kustaafu, kutoka Chinongwe, amepakata kompyuta kuukuu iliyofungwa kanga. Maksi zote za darasa la saba zilikuwa humo, na mashine imegoma kufunguka. Fundi, binti mdogo, akamwamkia, kisha akaigeuza sidii aliyokuja nayo mwalimu, ya kupigia programu upya.

"Hii ni ya kompyuta mpya, mwalimu. Yako haiwezi kuipokea."

"Nilidhani sidii ni kama mbegu ya ufuta, shamba lolote inaota."

"Hata ufuta unachagua udongo."

Akavuta kopo la biskuti lililojaa sidii zilizochubuka. "Mashine ikifa, namwomba mwenyewe aniachie sidii yake." Akazimulika moja moja kwenye mwanga wa mlangoni, akachagua moja ya mashine kuukuu kama ile, isiyofuta kilichomo, akaitumbukiza. Tulisogea wote kutazama, hata yule wa bodaboda aliyekuwa na haraka. Baadaye kioo kikawaka. Maksi zilikuwepo, jina kwa jina.

Mwalimu akavua kofia. "Shikamoo, fundi."

Binti akaficha uso kwa kiganja. Mimi huamkiwa kila siku kwa sababu ya mvi tu, na siku ile nilihisi nimekuwa nikipokea cha watu.