Kidole Gumba

Muuguzi wa zahanati ya Buyenzi hupasha mikono joto kwapani kabla ya kumgusa mgonjwa, kisha hushika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, macho ameyafumba. Ghanima, mke wa muuza vitambaa, ndiye anayemsaidia tangu vita vianze; akikosea huchapwa mkono. “Gumba apana, mama! Damu ya moyo yako inapiga humo, utasema ni ya mugonjwa.”

Asubuhi moja, risasi zilipotulia mtaani Kamenge, wenye bunduki walimleta mwenzao aliyejeruhiwa, wakamlaza mezani. “Akikufa, na nyinyi munakufa,” mkubwa wao alisema. Muuguzi akapasha mikono kama kawaida, akashika, akafumba macho. Alipoyafumbua, Ghanima aliiona midomo ya muuguzi imekauka, akajua yule mtu amekwisha kufa. Lakini sauti ya muuguzi haikutetereka. “Angali muzima. Mumupeleke hospitali kubwa, mbio. Leta mukono, ushike we mwenyewe.” Akakichukua kidole gumba cha yule mkubwa, akakikandamiza kwenye kifundo kilichoanza kupoa. Mkubwa akatega sikio, kisha uso ukamkunjuka. “Ni kweli, inapiga! Inapiga sana!” Ghanima akainamisha kichwa, akimwomba Mungu yule mkubwa asibadilishe kidole.