Bakteria wa Bega la Bi Mize

Niliingia kazini mwaka 1985, maabara ya hospitali moja Mji Mkongwe, na siku hiyo hiyo Mkuu wa Maabara alinipa kanuni yake: sahani isiyoota kitu kwa siku mbili, itupwe. Sahani ni kile kijisahani cha kioo tunachotilia chakula cha bakteria. Miaka mingi nilitupa, na leo nikikumbuka roho inaniuma.

Nilipelekwa Chukwani kupima malaria, nikarudi mjini, nikafundishwa kuotesha bakteria wasiostahimili hewa. Hawa hufungiwa ndani ya mtungi wenye mfuniko wa kubana, pamoja na pakiti ya dawa inayomaliza oksijeni. Wengine wanaishi kwenye ngozi zetu sote, ndani ya vinyweleo, hata uoge mara ngapi, na huota taratibu, siku saba, siku kumi. Nilimweleza Mkuu. Akanijibu kuwa huo ni uchafu wa ngozi tu.

Ndipo akaja Bi Mize, mkulima wa mwani kutoka Chwaka. Alivunjika mkono karibu na bega, akatiwa chuma. Mwaka wa pili kovu likawa linatoa maji, na kila tukiyaotesha maji hayo, hapaoti kitu. Wauguzi walikuwa washamwambia hajui kujisafisha.

"Naosha mpaka ngozi inachubuka, mwanangu," aliniambia, kajifunika bega kwa kanga kama mtu aliyeiba.

Hasira zilinipanda. Daktari wa upasuaji alipomfungua tena, nilimwomba vipande vitano vya nyama ya karibu na chuma, kila kimoja kwa kisu chake. Uchafu wa bahati mbaya ungeota kwenye kimoja. Kuota kwenye vingi ni ugonjwa wenyewe. Nikaviotesha kila kimoja kwenye sahani yake, nikazifungia ndani ya mtungi. Siku ya tatu Mkuu aliniamuru nizitupe zile sahani. Sikutupa. Siku ya tisa nne kati yake zilikuwa na vitone vyeupe. Nikavipaka rangi, nikatazama kwa hadubini: vijiti vya zambarau vilivyopindapinda, vyote aina moja.

Mkuu naye alitazama, kwa muda mrefu. "Andika ni uchafu," akasema.

"Siandiki. Andika wewe, utie na saini yako."

Hakuandika. Nikampelekea daktari majibu mwenyewe. Chuma kikatolewa, dawa zikabadilishwa, na baada ya miezi Bi Mize akarudi kwenye mwani wake. Mimi nikapewa barua ya onyo kwa utovu wa nidhamu. Kisha, kwenye mkutano wa madaktari, Mkuu akasimama kueleza ugunduzi wa maabara yake, nami nimekaa safu ya nyuma namsikiliza.

Hilo nililimeza. Lakini hakuna aliyemtaka radhi yule mama. Nilikwenda mwenyewe Chwaka kumwambia haukuwa uchafu wake. Alilia.

Siku ya kustaafu kwangu walinisifu kwa uvumilivu. Niliwakatalia palepale. Ningevumilia, Bi Mize angekuwa bado anaambiwa mchafu.