Kiti Alichokalia Enoka

Kaka yangu Enoka alikuwa mpishi kwenye shamba la kahawa la Mzungu mmoja, jirani na kwetu Ihanda, kabla ya vita ya pili. Mzungu huyo simtaji. Jina lake limeandikwa vya kutosha kwenye kaburi lake la saruji.

Ndiye aliyemfundisha Enoka Kiesperanto, lugha iliyotungwa na mtu mmoja ili mataifa yote yaelewane. "Hii haina mwenyewe, Enoka. Ndani yake mimi na wewe tuko sawa."

Mama alipoambiwa aliuliza, "Ina matusi?"

"Sijafundishwa, mama."

"Basi hawajakukaribisha, mwanangu."

Na sawa gani? Mzungu aliyakuta maneno mengi yanafanana na ya kwao. Yeye aliokota tu. Enoka alililimia kila neno, huku anakoroga sufuria. Akaiweza. Hata ualimu wa misheni aliukataa, kwa ahadi moja ya bwana wake: wageni wa lugha hiyo wakija, ataketi nao mezani.

Wakaja Wazungu wawili, kutoka ng'ambo ya mpaka wa Tunduma. Enoka akavaa koti la harusi yake. Yaliyofuata alinisimulia mara moja tu.

Kwetu hufungui kinywa mbele ya wageni wa heshima kabla ya kuchutama na kupiga makofi taratibu. Nao wakikuitikia kwa makofi, ndipo unakaa. Basi akachutama, akapiga makofi, akawasalimu kwa Kiesperanto kilichonyooka. Wageni wakafurahi, wakapiga makofi.

Akajua ameitikiwa. Akavuta kiti, akaketi.

Makofi yakakatika. Wageni wakamtazama mwenyeji wao. Naye hakutumia ile lugha isiyo na mwenyewe. Alitumia Kiswahili, kile chake cha jikoni.

"Enoka. Lete chai."

Akaleta, na koti lake mwilini.

Asubuhi bwana alimwita kwa Kiesperanto, amechangamka kama kawaida. Enoka akamjibu kwa Kinyiha, lugha ya kwetu, na kwa Kinyiha akaendelea kumjibu mpaka alipofukuzwa.

Akarudi kulima kahawa yake. Watu walimwita Bwana Mezani, naye hakugombana nao. Lakini mimi dada yake nilichuma naye miaka mingi, nikiwa mstari wa pili wa mibuni. Akidhani yuko peke yake, alikuwa akiisema ile lugha polepole, kisha ananyamaza kidogo, kama mtu anayesubiri kuitikiwa.