Salamu za Albamu ya Novemba

Kila mwisho wa mwezi baba yangu alinipigia simu kutoka Ahero akiwa na swali moja: mwezi huu wametoa nini? Hakuniuliza habari za mvua wala za kazi yangu ya mapokezi katika kliniki moja huku Milimani. Alitaka albamu mpya. Nilizikusanya zote, za benga, za ohangla, hata za kanisani, nikazitia kwenye flashi, na Jumamosi nikampelekea. Alisikiliza akiwa amekaa mlangoni, miguu ingali na tope la mpunga, kisha akatoa hukumu. Moja tu ndiyo iliyokuwa albamu ya mwezi. Zilizobaki alizitupilia mbali bila huruma.

Kipimo chake kilikuwa salamu. Katika benga yetu, gitaa likishakolea, mwimbaji huacha kuimba akaanza kuwasalimu watu kwa majina na sifa zao: fulani wa mahali fulani, mume wa fulani. Baba alipima hapo. Aliyesalimu mbio mbio, kama karani anayeita majina, alikatwa papo hapo. Alisema mtu akitaka kusalimu, atulie. Mimi nilipenda magitaa, basi tulibishana mpaka mama akatuambia twende tukabishanie nje.

Mwaka jana, kwenye harusi ya jirani, mwimbaji mmoja alimpa baba kipaza sauti ajisifu, kama ilivyo desturi. Baba angeweza kutaja ukoo wake au shamba lake. Badala yake alisema yeye ni mkwe wa Pap Onditi, aliyepewa chai ukweni akasahau kurudi kwao. Watu walicheka sana. Mwimbaji akaahidi kumtia kwenye albamu yake mpya. Mama, ambaye ndiye binti wa kijiji hicho cha Pap Onditi, alisema waimbaji huahidi hivyo kila penye pilau, lakini nilimwona akitabasamu.

Tangu siku hiyo swali la simu lilibadilika, likawa: yangu imetoka? Agosti haikutoka. Septemba haikutoka. Oktoba baba aliugua kifua, akalazwa, na hata pale kitandani aliniuliza kwa sauti iliyokwisha nguvu. Nikamwambia bado kidogo. Tulimzika kabla mwezi haujaisha.

Albamu ilitoka Novemba. Niliisikilizia kazini, simu sikioni, wagonjwa wakidhani naongea na mtu. Niseme ukweli: si albamu nzuri. Besi imezama, nyimbo mbili zinafanana kama mapacha, na huyo bwana anaipenda sauti yake kuliko inavyostahili. Lakini katika wimbo wa mwisho gitaa linatulia, naye anatulia, anamwita baba kwa jina lake lote, mkwe wa Pap Onditi, aliyepewa chai akasahau kurudi kwao. Anamwambia: Desemba nakuja kwako, mzee, unikaribishe. Nililia pale pale mapokezi na sikujificha. Nilimkasirikia kwa kuchelewa, kisha nikakasirika zaidi kwa sababu alikuwa amesalimu vizuri.

Shida ilikuwa mama. Tangu mazishi alikuwa ameifunika redio kwa kitambaa, na katika nyumba ile hakukusikika muziki tena. Niliogopa kwamba kumsikia baba akiitwa kama mtu aliye hai kungemwangusha upya. Niliogopa vilevile kukaa na salamu zisizo zangu. Jumamosi nikaenda, nikamweleza yote, nikamwachia uamuzi. Aliinuka, akaenda akaondoa kitambaa mwenyewe.

Nikachomeka flashi. Jina lilipotajwa, mama alishika meza, machozi yakamtoka.

"Huyo mtu hakuambiwa?" aliuliza.

Nikamweleza kwamba walirekodi zamani, baba akiwa mzima.

"Rudisha hapo, nyathina."

Aliponiita mtoto wake hivyo kwa lugha yetu, nikarudisha. Safari hii hakulia. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, namna baba alivyokuwa akisikiliza pale mlangoni, akamwacha mwimbaji amalize sifa zote, chai na ukwe, mpaka kwenye ile Desemba yake. Kisha akaijibu redio kwa upole.

"Salamu zimefika," alisema. "Lakini mwenyewe amekumbuka kurudi kwao."