Mzunguko Mmoja, Msumari Mmoja

Siku ya kwanza nilipofika kwenye kiwanda cha misumari, mtunza funguo wake, waliyemwita Mama Stoo, alinisimamisha mlangoni kwa sababu ya daftari la wageni. Nilikuwa nimeandika jina na kutia saini, lakini mahali pa kuandika shughuli nikapaacha wazi. Akanirudishia kalamu.

"Andika ulichokuja kufanya."

"Mama, nimekuja kuangalia tu."

"Hata paka anaangalia. Andika."

Nikaandika "kukagua ili kununua". Akasoma neno kwa neno, akachukua tochi, ndipo tukaingia.

Miaka hiyo serikali ilikuwa imeyashika mageuzi ya uchumi kwa mikono miwili. Mashirika ya umma yaliyozoea kula ruzuku yaliwekwa sokoni moja baada ya jingine, na magazeti yalijaa matangazo ya zabuni. Wenye suti walisoma mizania. Mimi nilianza maisha na mkokoteni wa vyuma chakavu, nikapanda hadi malori manne, na kampuni yoyote niliithamini kwa njia moja: chuma tani ngapi, paa mabati mangapi, kiwanja kikubwa kiasi gani. Yaliyobaki kwangu yalikuwa maneno.

Kiwanda hiki kilikuwa kimefungwa miaka minne. Mthamini wa serikali alikuwa ameshakipigia bei bila kutoka ofisini, kwa kutumia jedwali: mashine iliyozidi miaka ishirini inahesabiwa kwa uzito wa chuma chake, basi. Mashine zilikuwa sita, na hakuna iliyokuwa chini ya miaka thelathini. Kwa mtu wa vyuma, ile bei ya chini ilikuwa kama kuokota.

Nilikwenda kwenye mashine ya kwanza, nikaliegemea gurudumu lake zito huku nikikadiria lina kilo ngapi. Gurudumu likaondoka chini ya kiwiko changu. Nikapepesuka, nusura nibusu sakafu. Mama Stoo hakucheka, alinimulika tu usoni.

"Chuma chakavu hakizunguki," nikasema.

"Nani kakwambia ni chakavu?"

Habari zake nilizipata kidogo kidogo, kwa siku tatu nilizorudi pale. Aliingia kiwandani akiwa binti wa miaka kumi na tisa, kazi yake kupanga misumari kwenye makasha, akapanda hadi kukabidhiwa stoo. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, akionekana nyumbani kama mgeni, na mabinti wao wawili ni yeye aliyewalea. Kiwanda kilipofungwa walibakizwa watu watatu: walinzi wawili na yeye mwenye funguo. Fundi mkuu, siku anaondoka, alimwachia neno moja. Mashine ikikaa vilevile muda mrefu, uzito wote unalalia beringi upande mmoja, grisi inakauka, na siku ikiwashwa inajivunja yenyewe.

Basi kila Jumatatu asubuhi Mama Stoo alichukua bomba la chuma lenye urefu wa mtu, akalichomeka kwenye gurudumu, akaizungusha mashine, akaipaka grisi, akachora mstari wa chaki ubavuni mwake. Kisha akahamia inayofuata. Miaka minne, hakuna aliyemwagiza kwa barua wala aliyekuja kumkagua. Siku nyingine alishona sare za shule kwa cherehani mlemle stoo. Mabinti zake walimtania kwamba ana waume wengine sita, na angalau hawa hawasafiri.

Nikapiga hesabu yangu. Mashine zinazozunguka, kwa bei ya chuma! Kilichobaki ni kumnyamazisha mtu mmoja.

"Mama," nikamwambia, "wiki ijayo mthamini anakuja na wanunuzi wote. Watu wale hawashiki grisi. Usipowaambia hawatajua. Nikishinda, kazi yako ipo mpaka ustaafu, na cherehani ya umeme nakununulia."

Aliendelea kutunga uzi kwenye sindano. "Unanunua kiwanda au unaninunua mimi?"

"Tukielewana, vyote."

"Mimi simo kwenye tangazo la zabuni, bwana. Halafu nikuulize. Ukikipata kwa bei ya chuma, mwezi wa pili ukishikwa na shida, utafanya nini? Utazikata hizi uziuze kilo kilo, na hutapata hasara hata kidogo. Mimi nataka mtu ambaye akizikata ataumia. Nunua kinachozunguka kwa bei ya kinachozunguka."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alinisoma sawasawa: bei ya gesi ya kukatia vyuma nilikuwa nimeshaiulizia.

Siku ya ukaguzi tulifika wanunuzi wawili, mimi na mwenzangu wa vyuma chakavu tuliyemwita Sumaku, maana chuma hakikumpita hivi hivi. Umeme ulikuwa umekatwa zamani. Mthamini, kijana wa viatu vinavyong'aa, akafungua faili. "Mashine sita, zote chakavu."

Mama Stoo akanyoosha mkono. "Samahani, mheshimiwa. Hapo umekosea kwa mashine tano."

"Nimekosea vipi, mama? Jedwali ni la wizara."

"Chakavu ni namba tano peke yake. Ilipasuka kiunoni kabla sijapewa funguo, msije mkamuuzia mtu kama mashine. Hizo nyingine njoo uone."

Akaingiza ncha ya waya kwenye namba moja, akachomeka bomba, akasukuma kwa kifua. Gurudumu likazunguka taratibu, mzunguko mmoja. Kitu kikalia "kwa!" na msumari ukaanguka kwenye sinia la bati: kichwa bapa, ncha kali. Akasukuma tena, wa pili. Akahamia namba mbili. Bila umeme, bila fundi, kila mzunguko mmoja msumari mmoja. Alipofika namba sita gauni lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho, na mthamini amevua koti, anasukuma bomba yeye mwenyewe na kucheka kama aliyeshinda bahati nasibu.

Kila msumari ulioanguka ulikuwa unanipandishia bei. Na bado nilitaka kupiga makofi.

Bei ya chini ikapangwa upya, karibu mara tatu ya ile ya kwanza. Sumaku akafunga begi lake. "Kaka, wewe kanunue msumari kwa bei ya nyumba. Mimi simo."

Na mimi ningeweza kuondoka. Lakini nilikuwa nimechukua misumari mitatu, nikaipinda kwa koleo huku na huku, haikukatika. Mji mzima ulikuwa unajenga kwa misumari ya kutoka nje, ambayo kichwa kinang'oka kwa nyundo ya pili. Nikauza malori mawili, nikaweka yadi yangu rehani, nikatia saini.

Siku ya kukabidhiwa, Mama Stoo alikuja na masharti yake. Stoo hataki tena, anataka usimamizi wa mashine. Nikakubali, nani mwingine angeziweza? Akataka pia wapangaji wa makasha wa zamani warudi, wote kumi na wawili.

"Saba," nikasema.

"Kumi na mmoja."

"Nane, mama. Na hapo najikaba koo."

"Tisa. Na wa kumi ana habari ndefu ya kusikitisha, usinilazimishe nikusimulie."

Nikampa kumi.

Sasa ni mwaka wa sita. Malori yale mawili sijayarudisha, na Sumaku salamu yake imekuwa fupi. Deni la benki nimelimaliza, na maseremala wanaitaja misumari yetu dukani kabla hawajataja kipimo. Mama Stoo, kwa kukosa muda wa kushona, alipoteza wateja wake wote wa sare za shule. Amestaafu akiwa na hisa walizopewa wafanyakazi wa zamani kiwanda kilipouzwa, na wenzake wakamchagua kuwawakilisha kwenye bodi. Mkutano uliopita mimi nilitaka faida igawiwe, yeye akataka tununue mashine ya kuvuta waya ili tuache kuagiza waya nje. Nilishindwa kura tatu kwa mbili, shemeji yangu mwenyewe akiwa upande wake. Gawio langu la mwaka huu limekwenda huko, na lake vilevile.